KAWI YA JUA: Kwa nini paneli hupungua nguvu, na jinsi matabaka ya silikoni yalivyorundikwa ili kuongeza ufanisi

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti, wakazi wa Theta, kati ya miji ya Ruiru na Thika katika Kaunti ya Kiambu, huamka na kupata mbingu imefunikwa na mawingu mazito. Jua huchelewa kutokea, na siku nyingine huzama bila kuonekana. Kwa aliye na stima ya gridi, hiyo ni baridi tu ya msimu. Kwa anayetegemea paneli iliyo juu ya mabati, msimu huo ni mtihani: je, betri itajaa kabla ya giza kuingia?

Swali hilo limewasumbua Wakenya tangu kawi ya jua ilipoingia vijijini. Nyuma yake kuna historia ndefu ya kisayansi kuhusu aina moja ya paneli iliyouzwa kwa wingi humu nchini katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani paneli za silikoni amofasi. Ni paneli zilizosifiwa kwa bei nafuu, zikalaumiwa kwa kupoteza nguvu, na zikawapa wanasayansi kazi ya zaidi ya miaka 30 ya kutafuta dawa ya ugonjwa wao.

Dawa hiyo ilikuwa kurundika seli mbili au tatu nyembamba, moja juu ya nyingine, kila moja ikipewa sehemu yake ya mwanga. Namna mbinu hiyo inavyofanya kazi, ilikofika na ilikokwama, ni jambo linalomhusu kila anayetaka kununua paneli leo, awe Theta, Juja au kwingineko.

Paneli za kwanza vijijini

Mnamo 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins walishirikiana kuweka taa za kawi ya jua katika Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, eneo la Meru. Shule hiyo ilikuwa mbali na nyaya za stima. Mafundi wa eneo hilo walipata mafunzo, na punde si punde wakulima wa kahawa na chai wakaanza kuagiza mitambo kama hiyo kwa nyumba zao.

Biashara hiyo ilienea bila ruzuku kubwa ya serikali. Ilibebwa na wenye maduka, mafundi na wanunuzi waliolipa kutoka mifukoni mwao. Kilichowavutia wengi ni runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, redio na taa ya kusomea watoto. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilikuwa ikitajwa na watafiti wa kimataifa kuwa miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya kawi ya jua ya majumbani katika nchi zinazostawi.

Wengi wa wanunuzi hao hawakuwa na uwezo wa kununua paneli kubwa. Walianza na paneli ndogo ya wati 12 au 14, yenye upana wa takriban futi moja na urefu wa futi tatu, ambayo mtu angeweza kuibeba kwa basi kutoka mjini. Uso wake ulikuwa kioo chenye rangi ya hudhurungi iliyokolea, bila miraba ya buluu inayoonekana kwenye paneli za kawaida. Hiyo ndiyo silikoni amofasi.

Silikoni isiyo na mpangilio

Silikoni ni elementi inayopatikana kwa wingi katika mchanga na mawe. Katika paneli za kawaida, atomu zake zimejipanga kwa utaratibu kamili, kama mawe ya ukuta uliojengwa na fundi hodari. Hiyo huitwa silikoni fuwele. Kuitengeneza kunahitaji kuyeyusha silikoni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400, kuigandisha polepole na kuikata vipande vyembamba.

Silikoni amofasi huundwa kwa njia tofauti. Gesi iitwayo silani, iliyo na silikoni na haidrojeni, huingizwa katika chumba kisicho na hewa na kuvunjwavunjwa kwa nguvu za umeme. Silikoni hujishika juu ya kioo kama utando, kwa joto la nyuzi 200 hivi tu. Kwa kuwa atomu zinatua haraka, hazipati nafasi ya kujipanga. Hukaa shaghalabaghala, mithili ya mawe yaliyomwagwa na lori.

Licha ya mvurugo huo, utando huo hufyonza mwanga unaoonekana kwa macho kuliko silikoni fuwele. Ndiyo maana unene wa chini ya mikromita moja hutosha, ilhali silikoni fuwele huhitaji mikromita 150 au zaidi. Malighafi kidogo, joto kidogo, kioo cha kawaida: hizo ndizo sababu zilizofanya paneli hizi kuwa rahisi.

Kila atomu ya silikoni ina mikono minne ya kushikana na jirani zake. Katika mvurugo wa amofasi, baadhi ya mikono hukosa wa kuishika na kubaki ikining'inia. Mkono kama huo ni mtego: chembe ya umeme ikipita karibu hunaswa na kupotea kabla ya kufika kwenye waya. Haidrojeni huja kuwa msaada, kwani hushika ile mikono mitupu na kuufunga mtego. Utando mzuri huwa na haidrojeni kwa kiasi cha asilimia 10 hivi ya atomu zake.

Wanasayansi Walter Spear na Peter LeComber wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha mwaka 1975 kwamba utando huo unaweza kutiwa viungo vya kuufanya upitishe umeme kwa namna inayotakiwa. Mwaka uliofuata, David Carlson na Christopher Wronski wa kampuni ya RCA nchini Marekani walitangaza seli ya kwanza ya jua ya aina hiyo. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 2.4 pekee. Miaka michache baadaye, seli hizo zilikuwa tayari zinaendesha vikokotoo vya mkononi kote duniani.

Ugonjwa unaoletwa na jua lenyewe

Mnamo 1977, David Staebler na Wronski waligundua jambo la kushangaza. Utando wa silikoni amofasi ukiwekwa chini ya mwanga mkali kwa saa kadhaa, uwezo wake wa kupitisha umeme hupungua. Ukipashwa joto la nyuzi 150 hivi, hali yake ya awali hurejea. Tatizo hilo hadi leo huitwa athari ya Staebler na Wronski.

Kwa ufupi, jua linaloipa seli umeme ndilo pia linaloidhoofisha. Mwanga huachilia chembe za umeme, na baadhi ya chembe hizo zinapokutana tena na kutoweka hutoa nguvu inayovunja viungo dhaifu kati ya atomu. Mikono mipya mitupu hujitokeza, nayo mitego huongezeka.

Hasara hiyo haiendelei milele. Paneli hushuka kwa kasi katika wiki na miezi ya kwanza, kisha hutulia. Seli yenye tabaka moja inaweza kupoteza kati ya asilimia 15 na 30 ya nguvu iliyokuwa nayo siku ya kwanza. Wataalamu huiita nguvu inayobaki nguvu tulivu, na hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye lebo.

Hebu hesabu ifanywe. Paneli ya wati 14 ikipata mwanga unaolingana na saa tano za jua kamili kwa siku, huzalisha wati-saa 70. Nyaya na betri zikila takriban asilimia 30, hubaki wati-saa 49. Hizo hutosha kuwasha runinga ndogo ya wati 15 kwa saa tatu na dakika chache. Iwapo paneli hiyo kwa hakika inatoa wati 10.5, yaani robo ya nguvu imepotea, kinachobaki baada ya hasara ni wati-saa 37 hivi. Runinga itazima baada ya saa mbili na nusu, ama mtoto atakosa mwanga wa kumalizia kazi ya shule.

Kwa mwenye nyumba ya gridi, tofauti ya wati tatu na nusu si kitu. Kwa familia ambayo paneli ndiyo mtambo wake wa pekee, tofauti hiyo ni robo nzima ya stima yake. Aidha, betri isiyojaa kila siku hufa mapema, na kununua nyingine ni gharama ambayo mnunuzi hakuitarajia.

Kurundika matabaka

Wahandisi walitambua mapema kwamba utando mwembamba zaidi haudhoofiki sana. Sababu ni kwamba ndani ya seli kuna msukumo wa umeme unaozisogeza chembe kuelekea kwenye waya. Seli ikiwa nyembamba, msukumo huo ni mkali na safari ni fupi, hivyo chembe nyingi huwahi kutoka kabla ya kunaswa, hata mitego ikiwepo.

Hata hivyo, wembamba una gharama yake. Mwanga mwingi hupita bila kufyonzwa, kama maji yanayopita kwenye kitambaa chepesi. Jibu lilikuwa kuweka seli ya pili chini ya ya kwanza ili inase kilichopita, na hata ya tatu chini ya hizo. Hapo ndipo zikazaliwa seli zenye maungio mengi.

Faida ya pili ya mrundiko huo inahusu rangi. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zenye nguvu tofauti. Mwanga wa buluu hubeba nguvu kubwa, mwekundu hubeba kidogo, na ule usioonekana ulio chini ya wekundu hubeba kidogo zaidi. Kila aina ya seli ina kizingiti chake. Mwanga ulio chini ya kizingiti haufyonzwi kamwe. Ulio juu sana hufyonzwa, lakini nguvu ya ziada hugeuka joto na kupotea.

Silikoni amofasi ina kizingiti cha juu, takriban elektroni-volti 1.7. Huufaa mwanga wa buluu na wa kijani, lakini huuacha mwekundu mwingi upotee. Kwa hiyo huwekwa juu. Chini yake huwekwa seli yenye kizingiti cha chini, ambayo hupatikana kwa kuchanganya silikoni na germaniamu, ama kwa kuunda silikoni yenye chembechembe ndogo mno za fuwele. Aina hii ya mwisho ina kizingiti cha elektroni-volti 1.1 hivi na huweza kunasa hata mwanga usioonekana kwa macho. Isitoshe, haiathiriwi sana na ugonjwa wa Staebler na Wronski. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel nchini Uswisi, wakiongozwa na Arvind Shah, walikuwa mstari wa mbele kuiendeleza katika miaka ya 1990.

Mlolongo wa wabeba ndoo

Kurundika seli si kazi ya kuweka chapati juu ya chapati. Matabaka hayo yameunganishwa kwa mfuatano, hivyo mkondo mmoja wa umeme hupita kote. Mfano wake ni watu waliosimama mstarini wakipokezana ndoo za maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi. Hata wawili kati yao wakiwa na nguvu za simba, mwendo wa ndoo huamuliwa na aliye mlegevu zaidi.

Vivyo hivyo, seli ya juu ikizalisha mkondo mdogo kuliko ya chini, ziada ya chini hupotea. Kazi ya mhandisi ni kupima unene wa kila tabaka hadi mikondo yote ilingane. Lakini akiongeza unene wa tabaka la juu ili lipate mkondo zaidi, analirudisha kwenye ugonjwa wa kudhoofika. Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo jitihada nyingi zilipoelekezwa.

Mbinu ya kwanza ni kuunasa mwanga. Uso wa tabaka linalopitisha umeme hufanywa uwe na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, ili mwanga uingie kwa mshazari na usafiri mbali zaidi ndani ya utando. Nyuma huwekwa kioo cha fedha na oksidi ya zinki kinachourudisha mwanga uliopita. Kwa njia hii, utando mwembamba hufanya kazi ya utando mnene.

Mbinu ya pili ni kuweka kati ya seli ya juu na ya chini tabaka jembamba la kurudisha mwanga, kwa mfano la oksidi ya silikoni. Tabaka hilo huurejesha mwanga wa buluu na wa kijani kwenye seli ya juu na kuuruhusu mwekundu ushuke. Seli ya juu hupata mkondo zaidi bila kuongezwa unene.

Mbinu ya tatu ni kuongeza haidrojeni katika gesi wakati wa kutengeneza utando. Atomu hupata muda wa kutafuta mahali pazuri, viungo dhaifu hupungua, na utando hustahimili jua vyema zaidi. Ubaya wake ni kwamba kazi huenda polepole, nazo mashine za gharama kubwa hulazimika kutumika kwa muda mrefu kwa kila paneli.

Mbinu ya nne iko kwenye maungio yenyewe. Mahali seli mbili zinapokutana, chembe hasi kutoka upande mmoja na chanya kutoka upande wa pili ni lazima zikutane na kumalizana bila kupoteza volti. Tabaka la hapo huwa jembamba mno, na dosari ndogo huathiri paneli nzima.

Ufanisi ulikofika

Juhudi hizo zilizaa matunda. Mwaka 1997, watafiti wa kampuni ya United Solar nchini Marekani walitangaza seli yenye maungio matatu iliyoanza na ufanisi wa asilimia 14.6 na kutulia kwenye asilimia 13. Hasara yake baada ya kukaa juani ilikuwa kama asilimia 11 pekee. Mwaka 2011, kampuni hiyo hiyo ilifikia asilimia 16.3 kabla ya seli kutulia. Nchini Japani, watafiti wa taasisi ya AIST walifikisha ufanisi tulivu wa karibu asilimia 14 mwaka 2016.

Tarakimu hizo zahitaji kufafanuliwa. Ufanisi ni sehemu ya mwanga inayogeuzwa kuwa umeme. Jua kamili la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli ndogo za hudhurungi zilizouzwa Kenya zilikuwa na ufanisi wa asilimia tano hivi, yaani wati 50 kwa mita ya mraba. Seli ya asilimia 13 hutoa wati 130 mahali pale pale. Ifahamike kwamba rekodi za maabara hupatikana kwenye kipande kidogo, mara nyingi cha ukubwa wa ukucha. Paneli za dukani za maungio mengi zilibaki chini ya rekodi hizo.

Kinyume na matarajio, mshindani hakulala. Bei ya silikoni fuwele iliporomoka baada ya 2008 kufuatia upanuzi mkubwa wa viwanda nchini China. Paneli zake zilikuwa na ufanisi wa asilimia 15 na zaidi, na leo nyingi zimevuka asilimia 20. Paneli yenye ufanisi mdogo huhitaji paa kubwa zaidi, vyuma zaidi, nyaya zaidi na saa nyingi zaidi za fundi. Bei nafuu ya utando haikutosha kufidia hayo.

Kampuni mama ya United Solar iliwasilisha ombi la kufilisika Februari 2012. Kampuni ya Oerlikon ya Uswisi, iliyouza mitambo ya kutengeneza paneli za tabaka mbili, iliuza kitengo hicho kwa Tokyo Electron ya Japani mwaka huo huo, na mnunuzi naye akajiondoa katika biashara hiyo mwaka 2014.

Joto na mawingu

Si kwamba silikoni amofasi haikuwa na ubora wowote. Paneli iliyo juu ya mabati adhuhuri inaweza kufikia nyuzi 60 za joto, ilhali lebo hupimwa kwa nyuzi 25. Silikoni fuwele ya kawaida hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hivyo kwa nyuzi 35 za ziada hupoteza asilimia 14. Amofasi hupoteza takriban nusu ya hiyo. Fauka ya hayo, joto la paa huponya sehemu ya athari ya Staebler na Wronski, jambo linalofaa maeneo yenye joto kama Pwani kuliko nyanda baridi za kati.

Wakati wa mawingu, mwanga unaofika ardhini huwa umetawanyika na una sehemu kubwa ya buluu, rangi inayopendwa na silikoni amofasi. Hata hivyo, hakuna teknolojia inayoumba mwanga usiokuwepo. Julai yenye mawingu mazito hupunguza mazao ya kila paneli, na mwenye nyumba wa Theta ni heri apime mtambo wake kwa msimu huo badala ya Januari.

Lebo na uaminifu

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mwaka 1999, watafiti wakiwemo Arne Jacobson, Richard Duke na Daniel Kammen walipima paneli za silikoni amofasi zilizokuwa zikiuzwa na kutumika Kenya. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Energy Policy mwaka 2002, yalionyesha tofauti kubwa kati ya chapa na chapa. Baadhi zilitoa nguvu iliyokaribia ile ya lebo hata baada ya kutulia. Nyingine zilikuwa chini mno.

Mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha dukani. Zote zilikuwa vioo vya hudhurungi vyenye tarakimu nyuma. Aliyenunua mbovu aligundua baada ya miezi, na mara nyingi alilaumu betri, fundi au mawingu. Hasara haikuishia kwake. Jirani aliyeona runinga ikizima saa mbili usiku aliamua kwamba kawi ya jua ni ulaghai, na paneli nzuri zikaadhibiwa kwa makosa ya mbovu.

Kutolewa kwa matokeo hayo hadharani kulisukuma mabadiliko. Lakini watafiti walipopima tena mwaka 2004 na 2005, walikuta paneli nyingine duni zimeingia sokoni. Jacobson na Kammen walihitimisha katika makala ya 2007 kwamba upimaji wa mara moja hautoshi, bali zinahitajika taasisi zinazopima kila wakati na zenye mamlaka ya kuchukua hatua. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina viwango vya paneli, na kanuni za mwaka 2012 ziliwataka mafundi na wauzaji wa mitambo ya kawi ya jua wawe na leseni. Leseni hizo kwa sasa hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Jirani na Theta, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilichoko Juja kina taasisi ya kawi na teknolojia ya mazingira. Katika miaka ya 2010, chuo hicho kilishirikiana na shirika la JICA la Japani katika mafunzo ya kawi ya jua kwa ajili ya usambazaji wa stima vijijini. Elimu ya kupima, si ya kufunga nyaya pekee, ndiyo kinga ya kwanza ya mnunuzi.

Mwenye nyumba apime vipi?

Fundi mwenye mita ya kawaida anaweza kugundua mengi. Siku ya jua kali, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, paneli ielekezwe juani. Volti bila mzigo na mkondo wa moja kwa moja vipimwe na kulinganishwa na lebo.

Vipimo hivyo viwili pekee vinaweza kudanganya kwa silikoni amofasi. Paneli iliyodhoofika huweza kuonyesha volti nzuri na mkondo mzuri vikipimwa kando kando, lakini ikashindwa kuvitoa vyote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, ni vyema kupima pia mkondo unaoingia kwenye betri iliyopungua chaji. Paneli ya wati 14, ambayo lebo yake husoma takriban volti 17, inapaswa kutoa karibu ampea 0.8 jua likiwa kamili.

Paneli ya silikoni amofasi isipimwe ikiwa mpya na kuhukumiwa papo hapo, kwani siku za kwanza hutoa nguvu kuliko lebo. Ipimwe tena baada ya miezi mitatu hivi. Kwa paneli za aina yoyote, mnunuzi aulize iwapo lebo ni ya nguvu tulivu, adai dhamana iliyoandikwa, na ahifadhi risiti. Aidha, achunguze kingo za kioo. Maji yakipenya hapo, utando huo mwembamba huliwa na kutu na kuacha madoa yanayoenea.

Utando huo bado u hai

Ingawa paneli za hudhurungi zimetoweka kwa kiasi kikubwa madukani, silikoni amofasi haijafa. Imehamia ndani ya paneli za hali ya juu zaidi. Katika teknolojia iliyoanzishwa na Sanyo ya Japani, kipande cha silikoni fuwele hupakwa pande zote mbili utando wa amofasi wenye unene wa nanomita chache tu. Haidrojeni iliyomo hushika mikono mitupu iliyo kwenye uso wa fuwele. Mwaka 2022, kampuni ya LONGi ya China ilitangaza seli ya aina hiyo yenye ufanisi wa asilimia 26.81.

Nalo wazo la kurundika limerudi kwa kishindo. Watafiti sasa huweka tabaka la perovskiti juu ya silikoni fuwele, la juu linase buluu na la chini linase nyekundu. Ufanisi wa seli hizo maabarani umevuka asilimia 34, kiwango ambacho silikoni peke yake haiwezi kukifikia.

Lakini perovskiti nayo ina udhaifu unaofahamika: huharibika kwa unyevu, joto na mwanga. Paneli hizo zitakapofika katika maduka ya Thika na Ruiru, swali litakuwa lile lile lililowakabili wanunuzi wa miaka ya 1990. Tarakimu iliyo nyuma ya kioo ni nguvu ya siku ya kwanza, ama ni nguvu itakayobaki baada ya jua kuifanyia kazi?

Mnunuzi atakayeuliza swali hilo kabla ya kutoa pesa, na nchi itakayokuwa na maabara ya kulijibu, hawatarudia hasara ile. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.